Meza ya Sindano

Uvumi ulimkuta Mama Pasi saa nne asubuhi, mkaa umeshika vizuri, shati la mteja limelala mezani, mkono mmoja umenyooka na mwingine bado una makunyanzi. Aliyeuleta ni Kipaza, jirani yake wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye ukimnong'oneza jambo sikio la kushoto, mdomo unakuwa umeshalitangaza kabla sikio la kulia halijapata habari.

"Shoga, binti yako bado yuko kule shamba la maziwa?"

"Yuko. Kwani?"

"Mh. Mimi simo."

"Humo wapi na mguu umeshaingiza? Sema."

Kipaza akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Wanawachoma ng'ombe dawa, inawapanda kichwani. Ng'ombe wote wanawaka siku moja, wanapandana hata majike kwa majike. Na ile dawa inakaa kwenye hewa ya banda. Mwanamke akiivuta, basi tena, akili yote inashuka kiunoni. Mke wa mlinzi alikamua pale miezi miwili, leo yuko wapi? Kamfuata muuza matairi."

"Muuza matairi alikuwa anamfuata yeye tangu zamani."

"Haya. Mimi nimekwambia. Lisemwalo lipo, na kama halipo, linafunga viatu linakuja."

Shati likanuka. Mama Pasi alipoinua pasi, kola ilikuwa na alama ya njano yenye umbo la pembetatu. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo, hakuwahi kuunguza shati la mtu.

Angekuwa binti wa mwingine, angecheka akaendelea na kazi. Lakini aliyekuwa kule ni Chiriku, kitinda mimba wake, aliyepewa jina hilo utotoni kwa kuwa alikuwa hanyamazi hata usingizini. Chiriku ameolewa miaka mitano na dereva wa lori la maziwa, mwanamume mpole ambaye juma likiwa na siku saba, nne zake ziko barabarani. Mimba mbili zilishatoka. Ya kwanza mwezi wa tatu, ya pili mwezi wa tatu vilevile. Zote mbili Chiriku alizitangaza mapema, watu wakampongeza, mashangazi wakaleta nguo za mtoto, na nguo hizo bado ziko kwenye sanduku chini ya kitanda, hazijavaliwa na mtu.

Sasa ilikuwepo ya tatu. Wiki ya nane. Waliojua ni watu watatu: Chiriku, mumewe, na Mama Pasi. Na Mama Pasi ndiye aliyetoa amri: hakuna kusema. Mimba hii itanyamaziwa mpaka tumbo liseme lenyewe.

Kwa hiyo uvumi wa Kipaza ulimwingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza, hofu kwamba ile dawa ingempanda mwanawe kichwani mume akiwa safarini. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi: hata kama ni uongo, watu wakishauamini, tumbo likichomoza wataanza kuhesabu miezi na safari za lori. Akalala na jambo hilo, akaamka nalo, akalipigia pasi siku tatu.

Siku ya nne akamwambia binti yake, aliyepita kumletea maziwa baada ya zamu.

"Acha kazi ile."

"Niache kwa sababu gani, mama?"

"Dawa ya ng'ombe. Inaingia kichwani."

Chiriku akacheka mpaka akaweka chupa ya maziwa chini. "Kipaza huyo! Mama, mimi pale nikimaliza kukamua ng'ombe kumi, hata mume wangu mwenyewe akinigusa bega namwambia subiri niondoe harufu. Kichwa gani hicho cha kuwaka?"

"Cheka tu."

"Nacheka. Wewe ukinuna peke yako inatosha."

Mama Pasi hakucheka. Kesho yake akafunga kilemba, akafunga na pasi, akaenda shambani kujionea, saa ambayo Chiriku ameshatoka zamu. Kwa bahati mbaya alifika siku yenyewe.

Uwanja wa nyuma ya banda ulikuwa umechafuka kwa kwato. Ng'ombe walikuwa wanalia kama walioporwa. Majani yamejaa horini, hakuna anayeyagusa. Mmoja anazunguka uzio, masikio yanacheza. Mwingine ameweka kidevu mgongoni mwa mwenzake. Na palepale mbele yake ng'ombe mzee mwenye pembe moja, ambaye wakamuaji walimwita Shangazi kwa utulivu wake, akajiinua kwa miguu ya mbele akampanda mtamba aliyekuwa mjukuu wake. Mtamba akasimama tuli, ute umening'inia kama uzi.

"Kumbe Kipaza hakudanganya," Mama Pasi akasema, mkono mdomoni.

"Kipaza ni nani?" Aliyeuliza alikuwa daktari wa mifugo, mtu mrefu mwenye kalamu sikioni na buti nyeupe zisizo nyeupe tena. Alipojua ni mama yake Chiriku akamsogezea ndoo iliyofunikwa, akae. Mama Pasi akayamwaga yote, uvumi mzima, isipokuwa la mimba.

Daktari hakumcheka. "Mama, nusu ya uvumi wako ni kweli. Inaanzia kichwani. Chini kabisa ya ubongo wa ng'ombe kuna kipande kidogo, ukikiweka kwenye kiganja utadhani ni uchafu. Kinatoa ujumbe, sisi tunauita homoni. Ujumbe unashuka kwa damu, unakwenda kuyaamsha mayai. Yai linapokaribia kuiva, nalo linarudisha homoni yake kichwani. Ikifika, ng'ombe anabadilika: hali vizuri, halali, analia, anapanda wenzake. Yule anayesimama akipandwa ndiye aliye tayari kwa dume. Hilo ndilo joto. Kesho watakuwa wanacheua, wanakuangalia kama hawakujui."

"Na nyie mnawachoma nini?"

"Mfano wa ule ujumbe wa kichwani. Siku ya kwanza sindano, siku ya saba sindano ya dawa nyingine, siku ya tisa tena ile ya kwanza. Wote sitini wanapata joto pamoja, mtu wa mbegu za dume anakuja na mtungi wake mara moja, anamaliza. Bila hivyo tungeshinda humu mwaka mzima tunachungulia mikia."

"Na mtu anayevuta hewa yao?"

"Anavuta harufu ya mavi, mama. Ujumbe wa kichwa cha ng'ombe hausafiri kwa hewa ukamkuta binti wa watu. Hao wanaowaka, wanawaka kwa yao."

Nyuma ya ukuta wa mbao wakamuaji wawili wakacheka, na Mama Pasi akajua kila neno lililosemwa pale lilikuwa na masikio. Mmoja wa wale alikuwa binamu wa Kipaza.

Moyo ulitulia, lakini haukutulia wote. Wasiwasi wa mzazi ni kama moshi wa mkaa mbichi, ukiufukuza hapa unatokea pale. "Daktari mwanangu, nakuomba. Mtoe hapa kwa ng'ombe. Wanarukiana, watamkanyaga. Mpe kazi ya kukaa."

Daktari akafikiri. "Nina kazi ya meza. Aliyekuwa anajaza sindano ameondoka. Binti yako ana mwandiko mzuri, nimeuona. Chumba kina kivuli, kiti kipo." Akaitoa kalamu sikioni. "Ila mezani siweki mwenye mimba wala mwenye pumu. Yeye ana lolote kati ya hayo?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo dunia nzima iliposimama juu ya neno moja, na mwenye neno hakujua. Mama Pasi alisikia kimya cha nyuma ya mbao. Aliona midomo ya watu. Aliziona zile nguo chini ya kitanda. Akawaza: huyu anataka kujua ili amwachishe kazi. Akawaza tena: kukaa kwenye kiti, kivulini, kushika kalamu, kutamdhuru vipi mwanamke? Hata akina mama wa kifalme hukaa hivyohivyo.

"Hapana," akasema. "Hana lolote."

Daktari akaandika, akarudi kwa ng'ombe wake.

Jumatatu Chiriku akahamia chumba cha dawa. Hakujua mama yake alikuwa amepita pale, wala waliosikia hawakumwambia. Aliambiwa tu kwamba Daktari ameupenda mwandiko wake. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: anatoa vichupa kwenye friji, anavuta dawa kwenye bomba la sindano, anabandika kipande cha plasta, anaandika namba ya ng'ombe, anapanga kwenye sinia mistari sita, kila mstari kumi. Kundi jingine la ng'ombe sitini lilikuwa linaanza. Siku ya kwanza, kichupa cha kwanza, ile ya kichwani. Hakuna lililotokea. Jioni akapita kwa mama yake, na safari hii hakuwa anacheka.

"Mama, kwenye mlango wa kile chumba pameandikwa wajawazito wasiingie."

Mama Pasi alikuwa anakunja suruali. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja upya. "Wanaandika kila mahali. Hata dawa ya kikohozi imeandikwa hivyo."

"Nimwambie Daktari?"

"Mara ya kwanza ulisema. Mara ya pili ulisema."

"Mama, kusema hakutoi mimba."

"Na kunyamaza kunatoa? Mwanangu, nivumilie. Wiki nne tu. Zikipita, panda juu ya paa utangaze."

Chiriku akatazama chini. Alikuwa mwanamke mzima mwenye nyumba yake, lakini mbele ya mama, mtu hata akiwa na mvi anabaki mtoto. "Sawa," akasema.

Siku ya saba ikafika, siku ya kichupa cha pili.

Glavu za pale zilikuwa za kiume, kubwa, vidole vinabaki vitupu mbele kama chuchu za mbuzi. Ukizivaa unaweza kushika bomba, lakini kalamu inateleza na namba zinatoka kama za mtoto wa chekechea. Namba ikikosewa, ng'ombe anachomwa mara mbili na mwingine anarukwa. Chiriku akajitafutia ufundi wake: glavu mkono wa kulia wa kuvutia dawa, mkono wa kushoto mtupu, kwa sababu yeye ni wa mashoto, ndio wa kuandikia. Hakuna aliyemwona, na angeonwa huenda angesifiwa kwa wepesi.

Alipofika sindano ya arobaini na kitu, kifuniko cha mpira cha kichupa kikawa kimeshatobolewa sana. Alipokigeuza, dawa ikachuruzika. Ikapita juu ya kiganja cha kushoto, ikaingia mpaka kwenye kifundo chini ya saa yake. Baridi kidogo, haina harufu ya maana. Nje ng'ombe walikuwa wameshapangwa kwenye uzio mwembamba, watu wanapiga kelele, "Sinia! Leta sinia!" Alikuwa ameambiwa ikimwagika aoshe kwa sabuni na amwite Daktari. Akajifuta kwa aproni, akamaliza mstari, akapeleka sinia. Akaosha mikono alipokwenda kula.

Saa tisa tumbo likaanza kukaza.

Mama Pasi aliitwa na mwanamke aliyekuja mbio hata hakumaliza salamu. Aliiacha pasi ikiwaka. Zahanati ilikuwa chumba kirefu chenye pazia la kijani katikati na benchi moja. Mkunga, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alitoka nyuma ya pazia akavua glavu taratibu, na kwa jinsi alivyozivua, kidole kimoja kimoja, Mama Pasi akajua.

"Inatoka," mkunga akasema.

"Izuie."

"Mama."

"Mpe sindano ya kuizuia! Zimo humu. Ng'ombe wanapewa sindano ya kila kitu, mtu hana yake?"

"Hana, mama. Kwa hapa ilipofika, hana. Kaa nimwangalie asipoteze damu nyingi."

Akakaa. Ndicho kitu pekee alichoambiwa afanye. Mikononi alikuwa na kandambili za mwanawe, alizozikuta mlangoni, na hakujua aziweke wapi. Akazifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. Akazifuta tena. Nyuma ya pazia Chiriku hakupiga kelele, alikuwa anasema tu, "Mama. Mama. Mama," kama mtu anayegonga mlango, na kila Mama Pasi alipoinuka, mkunga alisema, "Bado, subiri." Akainuka mara nyingi. Akakaa mara nyingi. Mikono iliyonyoosha nguo za mji mzima haikuwa na kitu cha kunyoosha.

Daktari wa mifugo alifika na buti zake, mkononi ana karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane, ile inayokaa ndani ya boksi la dawa. Mkunga alikuwa amempigia simu kuuliza ni dawa gani. Akasimama katikati ya chumba, akamsomea: inapita kwenye ngozi, inakaza tumbo la uzazi, mjamzito asiiguse, mwenye pumu asiiguse.

"Ndiyo iliyoitoa?" Mama Pasi akauliza.

Mkunga akavua miwani. "Inaweza. Lakini zilishatoka mbili kabla ya hii, na hakukuwa na dawa yoyote. Siwezi kukuapia ni hii, siwezi kukuapia si hii. Hakuna atakayejua."

"Sikujua ana mimba," Daktari akasema. "Ningejua, asingeukaribia hata mlango." Kisha akamgeukia Mama Pasi, na hakusema kwa ukali, ingekuwa afadhali angefoka. "Mama, mimi nilikuuliza."

Nyuma ya pazia, ile sauti iliyokuwa inaita ikakatika.

"Alikuuliza lini?" Chiriku akasema.

Daktari akaanza kuikunja karatasi, ikakataa kurudia mikunjo yake.

"Mama. Alikuuliza lini?"

"Nilikwenda kumwomba akuhamishe," Mama Pasi akasema kuliambia pazia. "Kabla hujahamishwa. Akaniuliza kama una mimba. Nikasema huna."

"Mlikuwa na siri ya kwenu, mkanificha hata mimi," mkunga akamwambia, kwa upole wa mtu aliyechoka. "Mficha uchi hazai, mama. Wahenga hawakusema mkunga afichwe."

"Mimi nilipaswa kumuuliza mwenyewe," Daktari akasema. "Mwili wake, nikauliza mtu mwingine." Akatoka. Wakasikia buti zikipita kwenye kokoto, zikisimama, zikipita tena.

Mkwe alirudi keshokutwa yake. Mama Pasi alimkuta nje ya nyumba yao, amekaa kwenye ngazi ya lori, kofia gotini. Alipomwona mama mkwe akasimama kwa heshima.

"Mama, usijiumize," akasema. "Umefanya yote uliyoweza. Si kosa la mtu."

Kumbe Chiriku hakumwambia. Alikuwa amemwachia mama yake aseme mwenyewe. Mama Pasi alitamani kipigo kuliko maneno yale. Akamweleza palepale, amesimama juani, tangu mwanzo mpaka neno "hapana". Mkwe akasikiliza mpaka mwisho. Akavaa kofia, akaivua, akaenda kugonga matairi kwa nyundo, tairi moja baada ya jingine, yote ambayo alikuwa ameshayagonga. Hakumtukana. Hakumwambia karibu ndani.

Akaingia bila kukaribishwa. Chiriku alikuwa amelala ameelekea ukutani. Sanduku lilikuwa limetolewa chini ya kitanda, halipo. Mama Pasi hakuuliza limepelekwa wapi.

"Nimekuletea uji."

"Weka."

Akaweka. Akakaa pembeni ya kitanda, akaweka mkono karibu na mgongo wa binti yake bila kuugusa.

"Ungenipiga, mwanangu, ningepumua."

"Sina nguvu ya kukupumzisha, mama." Akasema tena, bado ameutazama ukuta. "Kuna msichana ameanza kwenye meza. Daktari amemuuliza, kasema hana mimba. Mimi namfahamu. Anayo. Na yeye mama yake kamwambia asiseme."

"Nitamwambia Daktari."

"Usiende kwa Daktari. Umeshaongea naye mara moja. Nenda kwa wanawake wenyewe. Waambie ulichofanya, wewe, kwa mdomo wako, na Kipaza awepo asikie. Halafu andika, ubandike, kwa anayeona aibu kuuliza."

Mama Pasi alikwenda. Alisema mbele yao wakati wa kusafisha ndoo, sauti inamtoroka kila sentensi ya pili. Hakuna aliyecheka. Msichana wa mezani aliinuka katikati ya maneno akatoka nje, na hakuna aliyejua kama alikwenda kwa Daktari au nyumbani. Chiriku bado anamjibu mama yake kwa neno moja moja. Karatasi iko kwenye mlango wa chumba cha dawa, imeandikwa kwa herufi kubwa:

Ukiwa na mimba, au ukidhani unayo, usiguse kichupa cha pili, wala sindano zake, wala kitambaa kilichofutia. Mwenye pumu vilevile.

Usivue glavu ili uandike. Andika plasta zote kwanza, ndipo uvae glavu, zote mbili.

Usivae glavu kubwa kuliko mkono wako wala iliyotoboka. Omba nyingine, usione haya.

Ikikumwagikia usijifute ukaendelea. Osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, vua saa, mwite Daktari. Ng'ombe watasubiri.

Usitie sindano mfukoni.

Usipeleke aproni ya chumba hiki nyumbani.

Usiogope hewa ya banda. Ng'ombe mwenye joto hakuambukizi kitu. Usisimame tu katikati yao wanaporukiana.

Usimfiche Daktari wala mkunga mimba kwa kuogopa maneno ya watu.

Usimjibie mtu mzima akiulizwa habari za mwili wake. Hata kama ni mwanao.